Kitesail Freebooter au Hostage Taker: haramia yupi umpe nafasi ya mwisho kwenye deki

Kila mtu anayejenga deki ya maharamia kwenye mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, au hata deki tu yenye rangi nyeusi, siku moja atafika hapa: nafasi imebaki moja, mkononi una haramia wawili wote wezi, Kitesail Freebooter na Hostage Taker, sasa nani abaki nani atoke. Wote walitoka kwenye seti moja, Ixalan, mwaka 2017. Wote ni Human Pirate. Wote wanakamata kitu cha mpinzani wanakishikilia uhamishoni, yaani nje ya mchezo, mpaka wao wenyewe waondoke uwanjani. Ukisoma haraka haraka utasema ni kadi ileile, moja bei rahisi na nyingine ya wakubwa. Mi nilisoma hivo hivo, nikacheza hivo hivo, nikapigwa hivo hivo.

Kwa kifupi Freebooter anachelewesha na Taker anamilikisha. Mengine yote yanatokana na hapo.

Tuanze na Freebooter. Mana 2 (mana ndo malipo ya kucheza kadi), moja nyeusi na moja yoyote, nguvu 1 uimara 2, na anaruka. Akiingia uwanjani mpinzani anaonesha mkono wake wote, we unachagua kadi moja ambayo siyo kiumbe na siyo ardhi, inakwenda uhamishoni mpaka Freebooter aondoke. Basi. Huwezi kuicheza hiyo kadi, huwezi kuifanya chochote, unamnyima tu mwenzako. Siku Freebooter akiuliwa kadi inarudi mkononi kwa mwenyewe kama hakuna kilichotokea, na ndo maana watu wengi wakimuona wanasema aah haka kanafaa nini, mana 2 kuazima kadi ya mtu.

Ila angalia kinachotokea kwenye mechi ya watu 2 yenye kasi. Zamu ya pili umemtoa, umeuona mkono mzima wa mpinzani, na kuuona tu mkono ni faida kubwa ambayo watu hawaihesabu, coz kuanzia hapo unajua ana nini, unajua ushambulie au utulie, unajua zamu ijayo anaweza kufanya nini na hawezi kufanya nini. Alafu umechomoa ile kadi moja aliyokuwa anaitegemea. Kama ana Fatal Push ambayo ingemuua Freebooter mwenyewe, unachukua hiyo hiyo Fatal Push, na sasa ili airudishe lazima atafute kadi nyingine ya kuua. Wakati anatafuta we unamchapa 1 kwa 1 kutoka hewani na wenzake Freebooter wanachapa zaidi chini. Kama mechi inaisha zamu ya 5, kadi iliyozuiliwa zamu 3 ni sawa na kadi iliyochanwa.

Hapo ndo utaelewa kwa nini mwaka 2018 alikuwa kila mahali kwenye deki ya Humans, yaani binadamu, ya rangi 5 kule Modern (aina ya mashindano yanayoruhusu kadi za miaka mingi), na wala hakuwekwa kwa sababu ya uharamia. Aliwekwa kwa sababu ni Human, akiingia anamkuza Champion of the Parish, na anapata msaada wa Thalia's Lieutenant kama binadamu wengine wote. Mchezo mtamu ulikuwa wa Aether Vial, kifaa kinachoingiza uwanjani kiumbe wa gharama sawa na kaunta zake bila kulipa mana: Vial ina kaunta 2, unasubiri mpinzani achukue kadi yake ya zamu, kabla hajafika mahali pa kucheza vitu vya polepole unamuingiza Freebooter, unaichukua kadi ikiwa bado ya moto. Au unatanguliza Freebooter, unaona ana kadi 2 za hatari, unateka moja, na ile nyingine unaitaja kwa Meddling Mage, ambaye anazuia kadi uliyoitaja isichezwe. Mpinzani anabaki anakuangalia tu. Ukishachezewa hivo mara moja hutakaa uiite tena hii kadi dhaifu.

Ubaya wake sasa. Kwanza hagusi viumbe. Ukikutana na deki ya Merfolk au Goblins au Elves, anaingia, mkono unaoneshwa, umejaa viumbe na ardhi, hakuna cha kuchukua, umelipa mana 2 kupata kitu cha 1/2 kinachoruka pamoja na taarifa ya jinsi utakavyokufa. Pili, mwisho wa mchezo anakuwa kituko. Zamu ya 8 wote mikono mitupu, umevuta kadi yako ya pekee ni Freebooter, anaonesha mkono hauna kitu. Inauma ile. Tatu, uimara 2 ni mdogo, Shock inatosha. Na hapa kuna kitu wanaoanza wanakosea sana: uwezo wake unakaa kwenye staki kwanza, yaani foleni ya mambo yanayosubiri kutokea, kwaiyo mpinzani mwenye kadi ya haraka kama Lightning Bolt anaweza kuitumia palepale kabla hujaona mkono, anamuua Freebooter, alafu uwezo ukifika unaangalia tu mkono, hakuna kinachokwenda uhamishoni. Tidehollow Sculler, ambaye ni wa zamani, ameandikwa tofauti, yeye akiondoka mapema kabla uwezo wa kwanza haujafanya kazi kadi inapotea moja kwa moja, kwaiyo watu walikuwa wanamuua wenyewe makusudi. Freebooter hana huo ujanja, usijaribu.

Na kuna lile la kadi ya kufagia uwanja. Umeteka Supreme Verdict, umefurahi, umejaza viumbe. Mpinzani akivuta ya pili anafagia wote, Freebooter anakufa, na ile ya kwanza inarudi mkononi kwake. Yaani unafagiwa na ufagio mwingine unasubiri. Nilishafanywa hivi na kosa ni langu, ukishateka ufagio bado unatakiwa ucheze kana kwamba upo, usimwage mkono wote.

Haya, Hostage Taker. Mana 4, na 2 kati yake lazima iwe moja ya buluu na moja nyeusi. Nguvu 2 uimara 3, haruki. Akiingia anateka kiumbe kingine chochote au atifakti (kifaa) yoyote iliyoko uwanjani, inakwenda uhamishoni mpaka yeye aondoke, na hapa ndo utamu ulipo: wakati iko huko we unaweza kuicheza kama yako, na mana unayolipia inahesabika kuwa ya aina yoyote. Mpinzani ana dude la kijani la mana 7? Lipa 7 zako za buluu na nyeusi, dude ni lako. Likishatoka uhamishoni likaingia uwanjani upande wako, hata Taker akiuliwa sekunde hiyo halirudi kwa mwenyewe. Mtekaji kafa, mateka kashakuwa ndugu yako.

Kwa hiyo kuna namna 2 za kumcheza, na watu wengi wanaijua moja tu. Namna ya haraka ni zamu ya 4, unamtoa, anaondoa kiumbe kinachokusumbua, unaomba Mungu aishi mpaka zamu ijayo upate mana ya kumcheza mateka. Hapo mpinzani ana zamu nzima ya kutafuta jinsi ya kumuua, na akimuua kila kitu kinarudi, tena kiumbe kikirudi kinaingia upya, kwaiyo kama ni cha kuvuta kadi kikiingia umempa mwenzako kadi ya bure. Namna ya subira ni kukaa nae mkononi mpaka uwe na mana 4 pamoja na gharama ya unachotaka kuiba. Sababu ni hii, na ukiielewa hii peke yake Taker anakuwa kadi nyingine kabisa: uwezo wake ukishamaliza kufanya kazi kwenye zamu yako, kipaumbele, yaani haki ya kuchukua hatua kwanza, kinaanza kwako. Staki iko tupu, ni zamu yako, unacheza mateka palepale. Mpinzani hana pa kuingilia kati. Nafasi yake pekee ya kumuua Taker kwa faida ni pale uwezo uko kwenye staki, kabla mateka hajakwenda. Akiipitisha hiyo kimekwisha, labda awe na kadi ya kufuta kadi, na hapo kiumbe chake kinakwenda kaburini kwake, ambapo bado si hasara kwako.

Jambo lingine analokuletea ni kwamba unaCHEZA ile kadi, huipewi tu. Kadi zenye X kwenye gharama unachagua X yako mwenyewe. Mwanzoni mwa 2019 kwenye Standard (mashindano ya kadi mpya tu), deki za Sultai, yaani nyeusi, kijani na buluu, zilikuwa na Hostage Taker na Hydroid Krasis pamoja, na Sultai kwa Sultai zikikutana kila mtu aliogopa kitu hicho hicho: Krasis yako inatekwa, mwenzako ana mana nyingi, anaicheza kwa X kubwa kuliko yako, anavuta kadi, anapata uhai, alafu ana lidude linaloruka ambalo ulilileta wewe. Inadhalilisha.

Atifakti nazo usizisahau. Kwenye Commander (mchezo wa meza ya watu wengi ambapo kila deki ina kiumbe wake mkuu, komanda) kila meza ina Sol Ring. Ukiwa na mana 5: 4 kwa Taker, unateka Sol Ring, 1 kuicheza, alafu unaigonga palepale inakupa 2. Umelipa 5 umerudishiwa 2, una kiumbe, una Sol Ring, na mwenzako hana. Baada ya hapo Taker akifa nani anajali.

Sasa mitego yake, na ni mingi kuliko ya Freebooter. Uwezo wake ni wa lazima. Hakuna neno la hiari pale. Kama uwanjani mpinzani hana kiumbe wala atifakti na we unazo, Taker atateka ya kwako. Nilimtoa siku moja kwa haraka zangu dhidi ya mtu wa deki ya kudhibiti asiye na kitu mezani, nikiwa na kiumbe changu kimoja kizuri, nikaambiwa haya chagua, nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, hakuna kingine. Nikajiteka mwenyewe. Zamu iliyofuata Taker aliuliwa na angalau kiumbe kikarudi, ila ile aibu haikurudi. Kwenye deki ya maharamia unaweza kutega Treasure moja iwe ya kumpa, ni atifakti, anaiteka yenyewe, na kwa kuwa ni tokeni (kitu kilichoumbwa na kadi, si kadi yenyewe) inapotea, viumbe wako wanabaki salama. Na hilo la tokeni linakwenda pande zote mbili: tokeni ya mpinzani ikitekwa inapotea kabisa, huwezi kuicheza, kwaiyo dhidi ya tokeni yeye ni muuaji tu wa kawaida.

Kwa njia, hii kadi ilichapwa na kosa kwenye Ixalan ya kwanza. Lile neno la kusema kiumbe KINGINE halikuwemo. Maana yake ukimtoa uwanja mtupu anajiteka mwenyewe, akishaondoka anarudi, akirudi anajiteka tena, mchezo unazunguka hapo milele mpaka unahesabiwa sare. Walirekebisha maandishi rasmi hata kabla seti haijatoka, kwaiyo ukikutana na nakala ya zamani isiyo na hilo neno usianze ubishi mezani, kanuni inafuata maandishi yaliyorekebishwa.

Na usitegemee kuiba komanda wa mtu. Komanda akitekwa kwenda uhamishoni mwenyewe ana haki ya kumrudisha kwenye eneo lake la komanda, na akishafanya hivo huna cha kucheza. Unakuwa umemuongezea tu mana 2 za kodi kwenye kumtoa tena. Si mbaya kama ni dharura, ila usiseme umemuiba.

Sasa mezani kwa watu 4, kadi 100, kila mtu uhai 40, hawa wawili wanaachana sana. Freebooter anachukua kadi moja kwa mtu mmoja kati ya 3, na wengine 2 wanacheka. Zile zamu 3 za kuchelewesha ambazo kwenye Modern zilikuwa mechi nzima, huku ni dakika za mwanzo tu watu bado wanaweka ardhi. Taker huku ndo kwao: viumbe ni vikubwa, atifakti zimejaa, muda upo wa kufika mana 8 au 9, na una wapinzani 3 wa kuchagua nani ana mali nzuri zaidi. Ila kumbuka kitu kimoja cha meza ya wengi, mchezaji akitolewa kadi zake zote zinaondoka nae, hata ulizoiba. Ukiwa unatembea na dude la mtu, mtu huyo muache awe wa mwisho kumaliza. Nimeona mtu anampiga mwenye mali, anashangilia, alafu anaangalia upande wake umebaki mtupu na wengine 2 wanamtazama.

Ila (na hapa nabishana na watu wengi) kama komanda wako ni Admiral Beckett Brass mambo yanageuka kidogo. Yeye anawapa maharamia wengine +1/+1, na mwisho wa zamu yako anachukua kitu chochote kisicho ardhi cha mchezaji aliyepigwa na maharamia 3 au zaidi zamu hiyo. Shida ya deki yake siku zote ni moja, kupata hao 3 wapite wote kwa mtu mmoja. Wanaoruka ndo dhahabu. Freebooter kwake ni 2/3 anayeruka wa mana 2, na Siren Stormtamer ni 2/2 anayeruka wa mana 1, na Malcolm, haramia mwingine, nae anaruka. Hawa 3 wakipita, Brass mwenyewe anaiba kila zamu bila kulipa mana hata moja, tena anaiba hata enchantimenti (uchawi unaobaki uwanjani) ambazo Taker hawezi kuzigusa. Kwenye deki hiyo uwezo wa Freebooter wa kuchukua kadi ni kama kitoweo tu, unachomlipia ni mabawa. Taker na uimara wake wa 4 anakaa chini anazuiliwa na kila mtu.

Stormtamer nae, kwa vile nimemtaja, ndo mlinzi bora wa wote wawili: analipa buluu 1, anajitoa kafara, anafuta kadi au uwezo wowote uliomlenga kiumbe wako. Kama una Taker mezani na mateka bado hajachezwa, Stormtamer mmoja aliyesimama na buluu 1 wazi unamfanya mpinzani afikirie mara 2.

Rangi nayo inaamua mengi bila hata kubishana. Freebooter anataka nyeusi tu, anaingia deki yoyote yenye nyeusi. Taker kwenye Commander anaruhusiwa tu komanda wako akiwa na buluu na nyeusi zote, na kwenye mechi za kawaida anadai ardhi zako ziwe sawasawa, coz zamu ya 4 ukikosa buluu umekaa na pambo. Freebooter ni uncommon, Taker ni rare (adimu zaidi), kwaiyo wa kwanza kumpata nakala 4 ni kazi ndogo zaidi.

Mtu atauliza mbona simuweki Ragavan kwenye ulinganisho, si nae ni haramia mwizi. Ragavan ni wa Modern Horizons 2, 2021, mana 1 nyekundu, 2/1, na akipiga mchezaji anakupa Treasure na kadi ya juu ya deki ya mwenzako uicheze zamu hiyo. Alikuwa mkali mpaka Januari 2022 wakampiga marufuku kwenye mashindano ya Legacy. Ila yeye ni rangi nyingine na kazi nyingine, lazima apite ndo aibe. Freebooter na Taker wanaiba wakiingia tu mlangoni.

Kwaiyo kama unanisikiliza mimi: deki ya mechi ya watu 2, ya kasi, inayotaka kumaliza mapema, na unakutana sana na watu wa kudhibiti na watu wa kombo, weka Freebooter, tena nakala zote 4, usimuwaze hata Taker. Dhidi ya kombo hasa, mtu anasubiri kadi 1 tu imalize mchezo na umeikalia. Deki ya katikati ya buluu na nyeusi inayokwenda zamu ya 7 na kuendelea, na wapinzani wanaoleta viumbe, Taker 2 au 3 wanatosha, 4 wanakubana mkononi mwanzoni. Kama una nafasi za akiba pembeni, wabadilishane kati ya mechi: mpinzani kaonesha viumbe vingi, Freebooter atoke Taker aingie. Kaonesha uchawi mtupu, geuza, maana Taker mbele ya meza tupu nilishakwambia anamteka nani.

Commander ya kawaida, Taker bila kufikiria. Commander ya Beckett Brass, mi nimeweka wote wawili, nilimtoa Fell Flagship kupata nafasi. Ile meli inataka wenye nguvu 3 waipande, na kila nilipoipandisha watu nikajikuta nimewakalisha haramia 2 wasipige ili ipige meli 1, wakati Brass anataka 3 wanaopiga.